Nyuma ya Mawe

Chumba cha kusubiri cha kliniki ya figo kilikuwa na viti kumi na vinne, na kuna kimoja ambacho Mama Matumbawe alikuwa akikifuta vumbi huku ameangalia pembeni. Kiti chenyewe hakikuwa na neno. Kilikuwa cha mbao, chenye mikono miwili, kimesukumwa hadi ukutani, ubavuni mwa tangi la samaki. Lakini kila alipokikaribia uso ulimwasha kama wa mtu anayepuliza jiko. Nitaeleza kwa nini, na wala sitamtetea, maana hata yeye alipofika mahali hakujitetea tena.

Tuanze na jina. Hakuzaliwa Mama Matumbawe. Aliingia pale kupiga deki, akapiga deki miaka tisa, korido na vyoo, akiitwa "dada wa usafi" ingawa alikuwa na wajukuu wawili. Kisha daktari mkuu akaleta tangi: kioo kirefu kama kitanda, maji ya chumvi, mchanga, mawe ya matumbawe yaliyorundikwa kama kilima, na samaki wanane wenye rangi ambazo huwezi kuamini hawakupakwa na mtu. Alisema wagonjwa wanaosubiri mashine ya kusafisha damu hutulia wakitazama samaki. Fundi wa matangi akaja siku tatu kumfundisha mtu mmoja namna ya kulitunza, na aliyekuwa na ndoo mkononi wakati huo alikuwa yeye. Vyeo vingine hupatikana hivyo.

Akaipenda kazi ile mpaka wenzake wakamcheka. Alfajiri alifika kabla taa za tangi hazijawaka. Alichukua bomba kubwa la sindano, lisilo na sindano, akalijaza maji ya tangi, akapuliza mawe moja moja. Kinyesi cha samaki, chakula kilichobaki, vipande vya mwani uliokufa, vyote viliruka kama vumbi la unga. Fundi aliyaita mashapo. Alimweleza kwamba mashapo yakilala juu ya mawe yanaoza, yakioza yanageuka mbolea, na mbolea ikishaingia kwenye maji, mwani haungoji kukaribishwa. Baada ya kupuliza alisugua kioo kwa kadi ngumu ya plastiki, akawahesabu konokono ambao kazi yao ni kulamba mawe kutwa kucha, akaongeza maji yaliyochujwa. Wauguzi wakaanza kumwita Mama Matumbawe. Daktari mkuu akampa mtu mwingine vyoo. Na hapo, tuseme ukweli, kichwa kikamvimba kidogo.

Mwaka wa pili mwani ukaja. Kwanza ulikuwa utando tu, wa kuteleza, kama ule unaoshika ndani ya ndoo iliyosahauliwa nje. Wiki tatu baadaye ulikuwa nywele, ndefu, za kijani, zinapepea juu ya kila jiwe. Konokono walishindwa. Tumbawe moja laini, lililo hai, lililokuwa fahari ya chumba, likajikunja kama limenuna. Mama Matumbawe alitoa mawe mawili mawili, akayasugua kwa mswaki ndani ya ndoo ya maji yale yale ya chumvi, akayarudisha. Akapunguza saa za taa. Akapunguza chakula hadi samaki wakaanza kumfuata kwenye kioo kama wadai. Baada ya siku kumi nywele zilikuwa zimerudi, nzito kuliko mwanzo.

"Mama," daktari mkuu alimwambia, akiwa amesimama mbele ya tangi na mikono mifukoni, "hili sasa linafanana na bwawa la bata. Nakupa hadi mwisho wa mwezi ujao. Lisipopendeza tunaliuza, tunaweka televisheni."

Televisheni haihitaji mtunzaji. Alijua kinachomngoja: gari lile la deki lenye gurudumu bovu, na vyoo, na jina la dada wa usafi. Miguu haikuwa ile ya miaka yake tisa ya deki. Na zaidi ya miguu, kilichomuuma ni kwamba kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na kitu ambacho watu walimjia kumuuliza yeye. Hakulala vizuri. Akaanza kujiambia kwamba mtu anayefanya kila kitu sawasawa hawezi kuharibikiwa, basi lazima kuna mwingine anayeharibu. Mawazo ya namna hiyo ni matamu sana, yakishaingia hayatoki.

Huyo mwingine hakuwa mbali. Alikuwa mzee mmoja mwembamba, fundi cherehani aliyeacha kazi kwa sababu ya figo. Mara tatu kwa juma binti yake alimshusha pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akiwahi kazini kwake. Mashine ilimfikia saa tatu, ikamwachia saa saba, na binti akarudi kumchukua saa kumi. Saa zote za kungoja mzee alizikalia kile kiti chenye mikono miwili. Alikuwa na tabia ya kuinamisha shingo na kutazama tangi kwa ubavuni, dakika hata ishirini bila kupepesa, kama anatafuta mshono uliofumuka. Mama Matumbawe alikuwa amemwona mara mbili akiinua mkono kuelekea juu ya kioo. Chini ya kiti chake aliwahi kufagia makombo ya mkate. Akajumlisha moja na moja, akapata tano.

Ikawa Jumatatu, chumba kimejaa. Mama Matumbawe alikuwa anafuta kaunta ya mapokezi alipouona ule mkono ukipanda tena, kidole kimenyooka, na mzee akimwita, "Mama, hebu njoo kidogo..."

Alikwenda kama askari.

"Nimekuona, mzee. Leo nimekuona kwa macho yangu."

"Ndiyo, nilitaka..."

"Kumbe ni wewe! Mimi nahangaika na mawe mwezi mzima, mikono imechubuka kwa chumvi, kumbe kuna mtu anawapa samaki mkate! Unajua mkate unafanya nini kwenye maji? Toa vilivyomo mfukoni."

"Mfukoni?"

"Mfukoni mwa koti. Kama huna kitu, utaogopa nini?"

Watu wote walikuwa wamegeuka. Mzee alimtazama kwa mshangao, lakini alikuwa wa kizazi kile kinachotii sare. Akatoa kifuko cha miwani. Akatoa kibiringo cha uzi mweusi. Mwisho akatoa leso iliyofungwa, na Mama Matumbawe hakungoja, akaifungua yeye. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya mkate.

"Haya! Jamani si mnaona?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mzee anafuga," na wengine wakacheka. Si kicheko kikubwa, ni kile cha watu waliochoka kukaa.

"Huu wangu," mzee akasema. "Nikitoka kwenye mashine njaa inanishika vibaya. Nilichotaka ni kukuonyesha..."

"Unionyeshe nini? Unifundishe kazi?"

 Mzee akaweka leso juu ya paja, akaanza kuifunga tena, pembe kwa pembe, polepole. Daktari mkuu akatoka kuangalia kelele ni za nini, akaelezwa, akasema kwa upole kwamba kuanzia leo mzee atangojea kwenye benchi la korido. Saa kumi binti alipokuja, Mama Matumbawe alimwahi mlangoni akamweleza tena yote, kwa kirefu. Binti aliona haya mpaka akashindwa kumtazama usoni. "Nisamehe sana, mama," alisema. "Siku hizi amekuwa kama mtoto." Mama Matumbawe akamwambia yameisha, kwa sauti ya mtu mwenye moyo mkubwa.

Siku tisa baadaye goti lilimkamata akiwa anafuta kioo. Kiti kilichokuwa karibu ni kile. Akakikalia, akalisugua goti, akaegemea, na shingo ikaenda upande ule ambao mkao wa kiti unaipeleka.

Kutoka mbele, tangi lilionyesha kilima cha mawe. Kutoka juu, lilionyesha vilele vyake. Ukutani nyuma hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha mkono. Lakini kutoka kwenye kile kiti tu, kwa kimo kile cha mtu aliyekaa, kioo cha ubavuni kilikupeleka moja kwa moja nyuma ya mawe, na nyuma ya mawe palikuwa na rundo. La kahawia, laini, lililopanda ngumi mbili kutoka mchangani, likiwa limejaza uchochoro wote. Mashapo ya mwaka mzima. Samaki mmoja akapita karibu, likatifuka, likatulia tena.

Hakuhitaji fundi wa kumweleza. Kila alfajiri alikuwa akisimama mbele na kupuliza kwa mbele, na taka zilikwenda upande mmoja tu ambao ziliweza kwenda. Zamani nyuma pale palikuwa na pampu ndogo ya kuzisukuma hadi kwenye kichujio. Mwaka uliopita aliigeuza kwa mkono wake mwenyewe, akaielekeza mbele, ili ipeperushe lile tumbawe laini, kwa sababu wageni walipenda kuliona likicheza na daktari mkuu aliwahi kulisifu. Alikuwa anasafisha kinachoonekana na kulisha mwani kwa kisichoonekana, kila siku, kwa bidii. Na mtu mmoja katika kliniki nzima aliyekuwa amekaa mahali pa kuyaona hayo, akaona, akainua kidole kumwonyesha, yeye alimpekua mifuko mbele za watu.

Alikaa pale hadi dada wa mapokezi akamwuliza kama anaumwa. Akasema ni goti.

Sasa, mtu mwingine angeinuka saa ile ile akaenda korido, hatua kumi na tano. Mama Matumbawe aliinuka akaenda kutafuta mpira wa kuvutia maji. Akalivuta lile rundo kidogo kidogo, ndoo moja kwa siku, maana ukilitifua lote mara moja unaua kila kilichomo. Maji yaliyotoka yalikuwa kama chai iliyochacha na yalinuka, akayamwaga mlango wa nyuma wakati wengine wanakunywa chai. Akairudisha pampu mahali pake. Akaanza kupuliza kwa nyuma kwanza, akiwa amepiga magoti kwenye kile kiti, na kungoja taka zifike kwenye kichujio ndipo aje mbele. Hakumwambia mtu. Alijiambia atasema tangi likishapona, kwamba maneno bila vitendo hayana maana. Alijua anajidanganya, na bado aliendelea.

Wiki ya tano mawe yalikuwa mawe. Nywele zilikatika zenyewe, utando wa zambarau, ule wa mawe yenye afya, ukaanza kurudi, tumbawe laini likanyooka. Daktari mkuu akasimama katikati ya chumba akapiga makofi.

"Mnaona? Mnaona jinsi kitu kidogo kinavyoweza kuharibu? Tumemhamisha mzee mmoja tu, tangi limepona! Mama Matumbawe, macho yako hayana mfano."

Mama Matumbawe hakuwahi kulifikiria hilo. Kila ndoo aliyoimwaga kwa siri ilikuwa imemzidishia mzee hatia. Mlango wa korido ulikuwa wazi, na kutoka pale aliona ncha za viatu vya mzee, vimewekwa pamoja, vimetulia. Wote walikuwa wanamtazama yeye. Akafungua mdomo, akasema, "Asante, daktari." Halafu akaenda stoo, akasimama kati ya ndoo, akajiziba uso kwa tambara, akajiona mchafu kuliko lile rundo.

Nyumbani alimweleza mumewe. Mume alikuwa mpaka rangi, mtu wa masihara, asiyekosa usingizi kwa lolote.

"Kwani tangi si limepona?"

"Limepona."

"Na kazi unayo?"

"Ninayo."

"Basi nyamaza, mke wangu. Mimi nimepaka rangi juu ya ukungu nyumba ngapi? Mwenye nyumba anafurahi, mimi nakula, ukungu nao unakaa kwa amani." Akacheka, akamsukuma bega ili acheke naye. Mama Matumbawe alimtazama mtu huyu aliyeishi naye miaka thelathini na moja, akakosa la kumlaumu. Walikuwa wanafanya kazi moja.

Akanyamaza wiki mbili nyingine. Roho ilimsuta akiamka, ikamsuta akila. Alianza kupitia mlango wa nyuma ili asipite korido. Siku alizolazimika kupita, mzee alivuta miguu yake ndani ya benchi kumpisha, akasema, "Pita, mama," na ile adabu yake ilikuwa mbaya kuliko tusi. Benchi lilikuwa la mbao tupu, halina pa kuegemea. Mzee alikuwa ameanza kukunja koti na kuliweka mgongoni.

Kilichomtoa si ujasiri. Siku moja muuguzi mgeni, msichana aliyeajiriwa juzi tu na ambaye hakuwa na ubaya wowote, alitokeza kichwa koridoni akaita, "Mzee Mkate! Mashine yako tayari."

Mzee akaitika. Hakukasirika, hakushangaa, aliinuka tu akashika koti lake, kama mtu aliyezoea. Kumbe lilikuwa limeshakuwa jina. Mama Matumbawe alikuwa na jina alilopewa na tangi lile, na mzee naye alikuwa na lake.

"Ngoja," Mama Matumbawe akasema. "Muuguzi, naomba dakika moja." Akamshika mzee mkono, akamwingiza chumba cha kusubiri, na viti vyote kumi na vinne vilikuwa na watu isipokuwa kile kimoja. Daktari mkuu alikuwa pale kaunta. Mama Matumbawe akashika ukingo wa tangi.

"Jamani nisikilizeni. Huyu mzee hakuwapa samaki kitu. Hata siku moja. Uchafu ulikuwa wangu. Nilikuwa naupuliza nyuma ya mawe mwaka mzima, na pampu ya kuutoa niliigeuza mimi. Yeye aliuona, akaniita anionyeshe, nikampekua mifuko. Halafu nikasafisha kwa siri, nikaacha mseme ni yeye. Nikasifiwa na nikapokea." Akamgeukia mzee. "Nimekosa. Nisamehe, baba."

 Dada wa mapokezi akashusha macho kwenye daftari lake. Daktari mkuu akakohoa, akasema, "Eeh, basi, muhimu ni kwamba tumelewana," na akakumbuka kazi ofisini. Mama Matumbawe alihema. Alikuwa amengoja kufukuzwa, au kuzomewa, au kusamehewa, na kati ya hayo matatu lolote lingempa nafuu.

Mzee alizunguka macho chumbani, uso kwa uso.

"Hawa siwajui, mama," akasema taratibu. "Waliokuwapo siku ile karibu wote hawaji tena. Mwambie binti yangu."

Akaenda kwenye mashine yake.

Saa kumi kasoro Mama Matumbawe alikuwa mlangoni, mahali pale pale alipomwahi mara ya kwanza. Mzee alisimama kando yake na koti mwilini, bandeji mkononi. Binti akaegesha gari, akashuka haraka, na alipomwona aliyesimama na baba yake uso ukamshuka.

"Shikamoo, mama. Amefanya tena?" Mkono wake ulishaingia kwenye mfuko wa koti la baba yake, ukapapasa, ukahamia wa pili. "Lakini asubuhi nimempekua mwenyewe. Huwa nampekua kila siku kabla hatujatoka, hata mkate nimemkataza kubeba. Umeutoa wapi, baba?"

Mzee alikuwa ameinua mikono kidogo ili apekuliwe vizuri.

Mama Matumbawe alisema. Alianza tangu mwanzo, pampu, mawe, kidole, ndoo, makofi, na safari hii maneno yalitoka kwa shida, maana hapakuwa na watu wa kumsikia akiwa jasiri. Alisema pia kwamba mtu anatoka kwenye mashine ile akiwa na njaa, na kwamba kwa wiki zote hizi mzee alikuwa akikaa muda wa saa tatu bila kitu tumboni kwa sababu yake yeye.

Binti alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia baba yake, machozi yanamlengalenga, na sauti yake ilikuwa na lawama.

"Baba, sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia," mzee akasema. "Siku ile ile, ndani ya gari. Ukanikataza kuwasingizia watu wanaofanya kazi zao."

 Mkono wa binti ulikuwa bado ndani ya mfuko wa koti. Akauchomoa, akautazama, akauficha nyuma ya mgongo wake. Mama Matumbawe, aliyekuja pale kuutua mzigo wake, akaona mahali alipoutua, na hakuwa na namna ya kuurudisha kichwani kwake mwenyewe.